Paa la gari la kambi limekushinda kuinua? Usikimbilie shoki kali kwanza

Mie sina nguvu za mikono, niseme mapema. Bega la kulia liliumia miaka iliyopita na mpaka leo kuinua kitu juu ya kichwa ni kazi, na asubuhi vidole vinakuwa vigumu kwa baridi yabisi. Lakini Hiace yetu ya kulala safarini, ile iliyokatwa paa ikawekwa la faiba la kuinuka, bawaba nyuma na mbele ndo kunafunguka, naipandisha paa mwenyewe tukifika Diani au Voi bila kuita mtu. Naandika manake kuna wamama wenzangu hapa Mombasa na wazee waliostaafu wameacha kabisa kutoka na magari yao eti paa limekuwa zito, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi kinachowashinda si paa, ni vitu vingine vinavyolizuia.

Anza na hewa. Fungua mlango wa pembeni au dirisha moja kabla hujashika paa. Turubai linalozunguka chini ya paa likiwa zima na gari limefungwa kote, unapoinua unavuta hewa ambayo haina pa kuingilia, paa linakuwa kama limenyonywa chini. Haigharimu hata shilingi na watu hawafanyi.

Halafu uzito. Angalia juu ya paa kuna nini. Paneli ya sola ya kioo ya wati 100 ni kilo 6 mpaka 8 hivi, ile nyembamba inayopinda ni kama kilo 2, kwa hivyo hapo tu ushaona tofauti. Keria yenye dumu la maji, kiti cha plastiki, kamba za watu, vyote shusha kabla ya kufungua. Na msimu wa masika maji yanatuama pale katikati, lita moja kilo moja, yafagie kwanza.

Sasa pima. Siku hiyo tafuta mtu akusaidie. Weka mizani ya kujipimia uzito juu ya stuli ndani ya gari, muinue paa lipite shibiri moja (chini ya hapo shoki zimelala, hazisukumi sana juu), halafu simamisha mti wa mopu kutoka kwenye mizani mpaka ukingo wa mbele, katikati, liachieni taratibu likalie ule mti, usome. Shoki, zile bomba za gesi zinazosaidia kusukuma paa juu, zikiwa bado mahali pake, hicho unachosoma ndo mzigo wako wewe. Zitoe shoki usome tena, sasa unaona uzito wenyewe, na tofauti ya hizo mbili ndo kazi shoki zinafanya. Kama tofauti ni ndogo, shoki zimekufa. Kama ni kubwa na bado unateseka, shida iko kwingine na kununua shoki ni kutupa pesa.

Kwetu Pwani kwingine huko ni chumvi. Bawaba ya chuma ikikaa Nyali au Bamburi karibu na bahari inakula kutu ndani kwenye pini ambapo huoni, nje imepakwa rangi nzuri tu. Shika paa likiwa limeegemezwa vizuri, lichezeshe juu chini kidogo usikilize, ikilia au ikikwama mahali pamoja hiyo ni bawaba. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, mafuta ya kupenya yaingie usiku kucha, ndo upake grisi. Ikiwa pini imeliwa badilisha uweke za stenlesi, usimruhusu fundi akuchomelee kipande.

Kwenye shoki nitakaa kidogo manake hapa watu wanauziwa mradi kauziwa. Ile bomba ndani ina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo ya kulainisha sili, ile raba inayozuia gesi isitoke. Ubavuni kumeandikwa namba na herufi N, mfano 400N, na kwa hesabu ya haraka kila 10N ni kama kilo moja ya kusukuma. Lakini usichukue uzito wa paa ukagawanya kwa mbili ukaenda dukani. Tuseme paa ni kilo 40 na uzito umeenea sawasawa. Ukingo wa mbele utasoma kilo 20, kwa sababu nusu nyingine bawaba imeibeba. Shoki zenyewe hazifungwi ukingoni, zinafungwa karibu na bawaba, na kadiri zinavyokaribia bawaba ndo zinavyotakiwa kusukuma zaidi. Zikiwa robo ya urefu kutoka nyuma, zote mbili kwa pamoja zinahitaji kusukuma kilo 80 ili paa lielee, yaani 400N kila moja, na hapo tunahesabu kama zimesimama wima, kumbe zimelala, kwa hivyo inatakiwa zaidi ya hapo.

Fundi wangu alinishikisha ile fimbo ya shoki akaniambia, "Mama, pitisha kucha hapa." Nikasikia vidoti vidoti, kutu ndogo kama ncha ya sindano, na chini yake mafuta yameshikana na vumbi. Vile vidoti ndo vinachana sili kila ikiingia na kutoka, gesi inatoka kidogo kidogo. Kwa hivyo mkitoka ufuoni futa hizo fimbo kwa kitambaa laini, usizishike na plaisi, usizipake rangi. Zifungwe fimbo ikiangalia chini paa likiwa limefungwa, mafuta yakae kwenye sili. Zibadilishwe mbili pamoja. Na iliyokufa isitobolewe wala isichomelewe, bado ina presha.

Baridi nayo inaingia hapa. Joto likishuka digrii 20 nguvu ya shoki inapungua karibu asilimia 7, ndo maana paa linalopanda vizuri saa nane mchana Kisauni linakugomea alfajiri kwenye milima ya Taita. Si wewe umezeeka usiku mmoja.

Nguvu nyingi kupita kiasi pia ni mbaya. Shoki kali zinasukuma komeo wakati wote mko njiani, na kwenye barabara ya Nairobi upepo wa malori unapiga paa vibaya, faiba inaanza kupasuka pale kwenye braketi, vile vyuma vinavyoshika shoki. Halafu mtu wa bega bovu atalishushaje? Mie nilichagua zinazoniachia kilo chache tu za kuinua, na ndani ukingoni nimeshonewa mkanda mpana wa kuvutia chini, naning'inia na uzito wa mwili, bega halifanyi kazi. Nyuma ya kila braketi fundi akaweka bamba la alumini kutawanya nguvu.

Inabaki shibiri ya kwanza, na hii ndo ngumu kuliko zote, kwa sababu shoki zikiwa zimelala zinasukuma kuelekea mbele na nyuma, juu hazisukumi sana. Ikishapita hapo zinaamka zenyewe. Mie natumia jeki ndogo ya makasi inayokuja na gari, naiweka sakafuni kati ya viti, juu yake gongo la mbao lililokatwa kwa kipimo, chini lina kikombe cha kukalia kichwa cha jeki, juu kipande cha ubao chenye raba ili faiba isibonyee. Mkono mmoja unashika gongo lisilale, mwingine unazungusha, polepole. Kisha nasimama kwenye kistuli magoti yamekunjwa, viwiko vimebana mbavuni, nasukuma kwa miguu. Naweka mwega, napumzika, namalizia. Mwega hautoki paa likiwa wazi, hata kama shoki ni mpya, hasa watoto wakilala chini yake.

Upepo usiudharau. Geuza gari upande wa bawaba uelekee upepo unakotoka, wakati wa kusi matako ya gari yaangalie kusini, wakati wa kaskazi kinyume chake. Ukielekeza mdomo kwenye upepo litapanda lenyewe kwa kishindo na kulishusha itakuwa vita.

Kama la kwako bawaba ziko ubavuni, hesabu ni ile ile, ila mizani unaiweka ukingo wa upande wa pili na robo unaipima kwenye upana, si urefu.