Umefika Berlin: jina kwenye sanduku la barua kwanza, marafiki watafuata

Kabla hujaanza kulalamika kwamba Wajerumani hawana salamu, hakikisha jina lako limebandikwa kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango mkubwa wa chini. Majengo mengi ya Berlin yana familia lukuki na milango ya ndani haina namba. Mtu wa posta anatazama majina tu. Asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka, na huku karibu kila kitu kinakuja kwa barua: kadi ya benki, namba ya mlipa kodi, kadi ya bima ya afya. Kama umepangishwa chumba ndani ya nyumba ya mtu, omba ruhusa, kata kipande cha karatasi, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasi, kibandike kwa selotepu. Siku ileile unayoingia, ndugu yangu, usiseme kesho.

Halafu kuna Anmeldung, yaani kujiandikisha anwani. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie, na ofisini watataka karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi pale. Kwa hiyo chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe anakwambia "ila hapa huwezi kujiandikisha" usikichangamkie. Berlin ina wilaya 12, na miadi unaweza kuchukua Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma kwa wakazi, ya wilaya yoyote, si lazima ya kwako. Fungua ukurasa wa miadi asubuhi na mapema, uendelee kuuchungulia, maana watu huahirisha na nafasi zao hurudi. Na yule anayetaka umtumie amana kabla hujaona chumba, eti yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa posta, ni tapeli. Amana halali haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu.

Mambo ya karatasi yana mwisho wake. Kinachowamaliza watu ni upweke, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Unaweza kuishi jengo moja na mtu mwaka mzima mkaishia "Hallo" kwenye ngazi. Si dharau. Kwetu urafiki unaanza kwa kupita tu: umepita mbele ya nyumba ya mtu, umeitwa chai, keshokutwa unajua mpaka ugomvi wake na shemeji. Berlin hakuna baraza la namna hiyo. Rafiki unampata kwa kuonana naye mahali palepale, kwa shughuli ileile, siku ileile ya wiki, mpaka wiki usipotokea anakuandikia kuuliza kama unaumwa.

Ndiyo maana nasisitiza Verein, chama kilichosajiliwa cha watu wanaopenda jambo moja: kwaya, mpira, sataranji, bustani, baiskeli, chochote. Ada ni ya mwezi au ya mwaka na mara nyingi haiumizi. Chagua kimoja unachokipenda kweli, usijisajili vitano. Zile jioni za wageni kukutana baa zinafaa wiki ya kwanza, lakini kila ukienda unakuta sura mpya, na unarudia kujieleza upya umetoka wapi na unafanya nini. Darasa la Kijerumani ni bora zaidi. Kila wilaya ina Volkshochschule yake, shule ya umma ya watu wazima, na kozi zake ni nafuu kuliko za shule nyingi binafsi. Mtakaa pamoja miezi, Msyria, Mbrazili, Mvietnamu na wewe, wote mnahangaika na der, die, das, vile vijineno vinavyotangulia majina ya vitu. Usishangae marafiki wako wa kwanza wakiwa hao badala ya Wajerumani.

Watakwambia Kiingereza kinatosha Berlin. Mchana kinatosha. Lakini mazoezi yakiisha, watu wakikaa kwenye benchi wanafungua chupa, utani wote unarudi kwenye Kijerumani, na wewe unabaki unacheka baada ya wenzako.

Sasa, mtu akikwambia "tuonane siku moja", toa simu hapohapo mtaje tarehe. Atafungua kalenda akupe Alhamisi ya wiki tatu zijazo. Usinune, amekuandika, na huku kuandikwa ni jambo. Hakuna atakayepiga asubuhi kukumbusha. Kama mmesema saa moja jioni, iwe saa moja. Ukiona utachelewa dakika kumi, tuma ujumbe. Bili ikija mhudumu atauliza mnalipa pamoja au kila mtu chake, na kila mtu chake ni kawaida, hata kwa wapenzi. Usimwite mtu mchoyo kwa hilo.

Watanzania wengi, kwa maoni yangu, tunakwama kwa kusubiri kukaribishwa, kwa kuwa kwetu mgeni ndiye anayekaribishwa. Alika wewe. Wajerumani wanapenda kutembea kwa miguu bila safari maalumu, nawe una mahali pa kuwapeleka ambapo mwenyeji ni wewe. Panda treni ya U6 ushuke Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße. Petersallee, jina lililohusishwa na Carl Peters yuleyule tuliyemsoma shuleni, ilibadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake sasa ni Maji-Maji-Allee. Wilaya ya Neukölln nako kuna Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wetu wa Tanzania. Mpaka 2021 ilikuwa na jina la Wissmann, aliyeizima vita ya Abushiri pwani yetu. Wakazi wengi wa Berlin wanapita hapo hawajui Lucy Lameck ni nani. Ukimweleza mtu habari hizo mkiwa mnatembea, amekujua kuliko angekuuliza mara kumi kama kwenu kuna baridi.

Mkirudi, pitieni maduka ya vyakula vya Kiafrika hukohuko Wedding, nunua unga mweupe wa mahindi, pika ugali na mchicha, wafundishe kumega tonge. Ikifika saa nne usiku punguza sauti, maana huo ni muda wa utulivu kisheria na majirani wanaufuatilia. Jumapili ni utulivu siku nzima na maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo mahitaji yanunuliwe Jumamosi.

Watanzania wenzako watafute pia. Siku ya msiba utawahitaji wao. Ila ukiwa nao kila wikiendi, utaondoka Berlin hujaijua.

Jambo la msimu: jiunge na chama chako kabla ya Novemba. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mtu asiye na mahali pa kwenda Jumanne usiku hulala saa kumi na mbili, kisha anashangaa kwa nini analia. Wakati huo nyumbani wako mbele kwa saa mbili, kiangazi saa moja tu, kwa hiyo mama mpigie ukitoka kazini, usisubiri umalize kupika.

Na siku yako ya kuzaliwa, keki unaleta wewe. Hakuna atakayekushtukiza. Unaiweka jikoni ofisini au mezani baada ya mazoezi, unaandika kwenye kundi "karibuni", basi. Mwenzako naye usimpongeze kabla ya siku yenyewe, wanasema ni mkosi. Si lazima iwe keki. Peleka maandazi ya iliki, ila kaanga mengi, na weka mawili pembeni kwa ajili ya yule anayeingia zamu ya mchana.