Gari inavuta kushoto hata baada ya alaimenti

Pole sana ndugu. Umesema alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu) imefanywa mara mbili na bado gari inavuta kushoto, tairi ya mbele inaliwa upande wa ndani. Usilipie ya tatu kwanza, maana kama bushi (mipira ya kwenye maungio) au boljointi (viungio vya kichwa cha duara vinavyoshika gurudumu) zimekwisha, vipimo vinahama ukianza tu kutembea, mashine ya alaimenti haina kosa hapo.

Anza na upepo wa tairi, uwe sawa kushoto na kulia. Halafu piga jeki, weka stendi chini (tafadhali usiamini jeki peke yake), shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza ni boljointi au beringi. Shika pembeni kushoto na kulia, ikicheza angalia tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu). Bushi za kontroli amu (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na bodi) zinahitaji fundi azisukume na mtaimbo aone mpira umepasuka au la, na mimi ndizo nazishuku zaidi kwa hiyo tairi yako kuliwa ndani.

Badilisha vilivyokufa vyote kwanza, alaimenti iwe ya mwisho kabisa, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Boljointi ikicheza usiendeshe kabisa, ikichomoka tairi inalala.