Kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Ukimpeleka kijana mlimani kwa baiskeli unaweza kudhani shida itakuwa pumzi. Mpwa wangu ana miaka 15, amekulia Dar es Salaam kwenye tambarare, na siku yake ya kwanza Lushoto alinipita kwenye kilima huku anapiga mluzi. Kilichotuumbua ni mteremko.

Ilikuwa likizo ya Juni. Masika imekwisha, njia zimekauka, baridi ya Usambara ndiyo inaanza kung'ata. Tulipanda hadi Magamba kwa barabara, tukarudi kwa njia ya miguu, nyembamba, inayokatiza mashamba ya kabichi na viazi. Nilitangulia mimi. Mara nikasikia breki zikilia, kisha kishindo. Kugeuka, kijana amerushwa juu ya usukani, amelala kifudifudi kwenye tuta la watu. Viwiko vimechubuka, helmeti ina ufa. (Helmeti yenye ufa haivaliwi tena, hata ufa uwe mwembamba kama unywele.)

Kosa lilikuwa langu. Baiskeli yake ya nyumbani ni mtumba wa Ujerumani, na huko breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Niliyompa mimi imetoka Japani, breki ya mbele iko kulia. Alipobanwa akaminya kulia kwa nguvu zote akijua anashika gurudumu la nyuma. Nami nilikuwa nimekagua upepo, cheni, hadi spoki! Siku hizi kabla hatujaondoka namwambia anyanyue gurudumu la mbele, alizungushe, aminye, aone ni mkono upi unaolisimamisha. Haichukui hata dakika.

Jioni tukiwa tunapaka dawa ndipo aliponiambia kwamba woga ulimwingia mapema, pale njia ilipoanza kuwa na mawe. "Sasa mbona hukusema?" "Ungeniona muoga, anko."

Jibu hilo ndilo lililonifunza kuliko kuanguka kwenyewe. Kijana wa umri huo atakwambia ana njaa, atakwambia simu imeisha chaji, lakini kwamba anaogopa hatasema. Ukimuuliza "unaweza?" atajibu anaweza, hata mbele yake pawe na korongo. Basi tuliweka neno letu: "nasukuma". Yeyote akilitamka, wote wawili tunashuka na kusukuma, bila swali wala utani. Na mimi ndiye niliyelazimika kulitumia kwanza, tena mara mbili, mahali ambapo kusema kweli ningeweza kupita. Bila hivyo asingeamini.

Kuhusu kushuka kwenyewe, tulihamia uwanja wa mpira wenye ukingo mfupi tukarudia siku nzima. Shusha siti kwanza, hilo ndilo linalosaidia kuliko yote. Siti ikiwa juu mwili hauna pa kwenda ila mbele. Pedali zilale sawa ili isigonge jiwe ile ya chini. Simama juu ya pedali, makalio nyuma, magoti na viwiko vilegee. Kidole kimoja au viwili kwenye breki, zote mbili kwa pamoja, na upunguze mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake. Macho yaangalie njia unayotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga tu.

Upepo wa tairi tunaupunguza kidogo ili lishike udongo, lakini si sana, maana likigonga jiwe tyubu inabanwa kwenye rimu na pancha ndiyo hiyo. Beba pampu na viraka. Fundi yuko mjini. Maji beba mengi kuliko unavyodhani, na chakula pia: kijana akiishiwa nguvu hukasirika kwanza, njaa anaikumbuka baadaye. Mvua ikinyesha ahirisheni. Udongo mwekundu wa kule ukilowa hauna breki ya kuusimamisha.

Na njia zile si za michezo. Ndizo wanazopita akina mama na mizigo ya kuni kichwani, na watoto wa shule. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia: tunasimama pembeni, tunaamkia, anapita. Mpwa wangu mwanzoni aliona tunapoteza muda, hadi bibi mmoja tuliyempisha alipotuonyesha kwamba mbele kidogo daraja la magogo limeoza.

Desemba alirudi, mrefu kunizidi. Tukatoka kuelekea Irente, na safari hii nikamwacha atangulie. Juu ya mteremko mmoja wenye mizizi na majani mabichi akasimama, akaangalia chini muda mrefu. Nami nilikuwa nimeshaanza kushusha siti yangu.

"Anko, nasukuma."

Tukasukuma. Huko chini akaniomba ufunguo, akapandisha siti yake mwenyewe, akaondoka.