Harufu ya petroli inanigonga kichwa

SWALI: Shikamoo mzee. Ninahudumu kwenye pampu ya sheli moja hapa Moshi. Jua likiwaka, nikifungua tangi la bodaboda harufu inanipanda mpaka kichwa kinagonga. Dereva mmoja wa lori kaniambia Ulaya pampu zinanyonya huo mvuke. Ni kweli au ananidanganya?
Mama Neema

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakudanganya. Tangi unaloliona tupu limejaa mvuke. Ukimimina lita moja, karibu lita moja ya mvuke inatoka, na pua yako ipo pale pale juu. Ndani ya mvuke huo mna kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Umoja wa Ulaya ulianza na malori: sheria ya 1994 ilitaka lori likishusha mafuta, mvuke wa tangi la chini urudi kwenye lori kwa mpira wa pili. Mwaka 2009 wakageukia pampu. Kituo kipya kinachouza zaidi ya lita 500,000 kwa mwaka lazima kinase angalau asilimia 85 ya mvuke. Marekani walilibebesha gari lenyewe mzigo: kuanzia matoleo ya 1998, kopo la mkaa ndani ya gari ndilo linalomeza mvuke. Bodaboda nyingi unazojaza hazina hilo kopo, sahau.

Wewe simama upepo ukitokea mgongoni, na bomba la pampu likijifunga lenyewe tangi likijaa usiongeze "kidogo tu" hata mteja akinuna. Mafundi wanaonawa mikono kwa petroli waambie waache. Mimi nimenawa nayo miaka mingi, na kuinyonya kwa mpira pia.