Seti ya sanduku au kimoja kimoja? Vifaa vya fundi stima anayeanza Lamu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nimefanya Grade Three ya umeme na sasa nataka kuacha kuazima vifaa vya mwalimu wangu. Nimeweka shilingi 12,000. Kuna seti nimeiona hadweya, sanduku la plastiki lina vitu zaidi ya mia na bei yake haifiki hata nusu ya pesa yangu. Nichukue hiyo ama ninunue kimoja kimoja? Na drili je, naweza kungoja?

JIBU: Marahaba babangu. Hilo sanduku liache hapo hapo dukani. Si ati kila kitu mle ni kibovu, lakini ukihesabu hivyo mia utakuta vingi ni vichwa vya bisibisi na soketi za kufungulia nati za pikipiki, vya umeme vyenyewe ni vitatu vinne na ndivyo vimewekwa chuma laini kuliko vyote. Halafu wewe uko Lamu, hakuna gari la kukubebea, begi ni begani ama umkodi punda, sasa utabebaje mzigo ambao robo tatu yake huugusi?

Pesa yako itie kwa vitu viwili, kile kinachokata na kile kinachopima. Vingine vyote chukua vya kawaida, futi, nyundo, tindo, pimamaji, hata vya bei ya chini vitakufaa miaka.

Tuanze na plaizi. Ukiwa dukani usiangalie rangi wala usisikize maneno ya muuzaji, ifunge uiinue kwenye mwanga. Makali yakutane tangu mwanzo hadi nchani, ukiona mwanga unapita katikati irudishe. Ifungue uitikise, ile pini ikicheza hata kidogo basi ndio mwanzo wa kulegea. Halafu muombe kipande cha waya wa flexi, toa uzi mmoja tu wa kopa, ule mwembamba kama unywele, ukate kwa ncha kabisa ya plaizi ya kukatia. Nzuri itakata ukatike safi, mbaya itaukunja tu uingie katikati ya meno. Jaribio hilo ni bure na hakuna stika inayoweza kulidanganya. Na ukishanunua usije ukakatia msumari ama bainding waya ya mjengo, hata Knipex ya Ujerumani ukiifanyia hivyo makali yatapata pengo, na ukitaka hiyo Knipex jua plaizi moja itakula sehemu kubwa ya pesa yako, kwa hivyo kama utanunua moja ya hali ya juu iwe ya kukatia, ile kubwa ya kushikia itakuja baadaye.

Mpini sasa. Watu wengi hapa pwani wakiona mpira mwekundu wanasema hii haishiki stima, wacha. Mpira wa kawaida ni wa kufanya mkono usiteleze, basi. Ya kweli ina alama ya pembetatu mbili zilizopandana na imeandikwa 1000V, na kwa viwango vya IEC 60900, vile vya kimataifa vya vifaa vya mkono vya fundi stima, kila kimoja hujaribiwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Sisi tuna 240 nyumbani na 415 kwa fezi tatu, kwa hivyo nafasi ni kubwa, lakini hiyo si ruhusa ya kufanyia kazi waya moto, zima meni, ile swichi kuu, kwanza. Na mpini ukipasuka ama ukichomwa na shoti, usiuzungushie tepu ukasema umepona, hiyo plaizi sasa ni ya kung'olea misumari.

Bisibisi ndio watu wanadharau na ndio inaunguza nyumba. Skrubu nyingi za breka, ile swichi inayojizima yenyewe stima ikizidi, si Phillips, ule msalaba wa kawaida, ni Pozidriv, ukiangalia kichwa utaona kati ya ule msalaba kuna vijistari vinne vidogo. Ukitumia Phillips inaruka, unamaliza kichwa cha skrubu, unadhani umekaza kumbe bado, waya umelegea unapata moto kila mtu akiwasha instant shawa, mwishowe breka inanuka plastiki. Kwa hivyo tafuta PZ2 moja nzuri, yaani ya Pozidriv saizi ya pili, bapa moja ya milimita 3.5 na nyingine ya 5.5, zote za 1000V. Ukiingiza bapa kwa skrubu ijae ule mfereji, isicheze.

Kuchuna waya usitumie meno, na plaizi pia usizoee. Kisu ama plaizi ikiuma kopa kidogo tu inaacha mkato, na ukiukunja waya mle ndani ya boksi unakatikia hapo hapo. Straipa, kile kifaa cha kuchunia waya, yenye matundu ya saizi za waya za 1.5, 2.5, 4 na 6 si ghali.

Kwenye kupima nakuomba unisikize sana. Ile testa ya taa ndogo inafanya kazi kwa kupitisha stima kidogo mwilini mwako hadi ardhini. Sasa umesimama juu ya ngazi ya mbao ghorofani, umevaa ndara za mpira, taa inaweza isiwake ama ififie usiione kwa jua, na waya una moto. Inakwambia kuna stima, haiwezi kukuhakikishia hakuna. Nunua mita iliyoandikwa CAT III 600V, yaani daraja la usalama la kupimia stima ya nyumba, ipime kwenye soketi unayojua ina stima, pima kazi yako, kisha rudi upime ile soketi tena ujue mita haikufa katikati. Na ukimaliza kupima ampea toa ile waya nyekundu kwenye tundu la 10A, ukiisahau hapo ukaenda kupima volti umejipigia shoti mwenyewe.

Chumvi ya huko kwenu haina huruma. Ukipata plaizi ya kromu chukua hiyo, ile nyeusi inashika kutu haraka karibu na bahari. Jioni pangusa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo, tone moja kwa pini, na mpini usiuguse kwa petroli wala mafuta ya taa maana plastiki inalainika. Begi liwe la turubai, na ukivuka kwenda Mokowe usiliweke chini kwenye maji ya chombo.

Drili ngoja. Mawe ya matumbawe ni laini kuliko unavyodhani, tindo kali na nyundo ya wastani zinatosha kwa boksi na paipu nyingi, na drili ya kupiga unaweza kukodi siku ya kazi ukamtia mwenye nyumba kwenye hesabu. Ila kwa zile nyumba za zamani zenye plasta ya chokaa iliyochongwa, muulize mwenyewe na watu wa makumbusho kabla hujagonga popote, pengine paipu itabidi ipite juu ya ukuta tu.

Kwa hiyo 12,000 yako: plaizi ya kukatia, bisibisi tatu, straipa, mita. Ikibaki chenji, tindo.