Kiwanda chenu kinageuzwa kuunda magari ya umeme? Anzeni na watu wa injini

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magari, upande wa kufunga injini, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Tumetangaziwa kwamba kiwanda chetu kinageuzwa, baada ya muda tutakuwa tunatoa magari ya umeme tu. Mimi nimewekwa kwenye kamati ya mabadiliko. Wenzangu wananiuliza kama kazi ipo au haipo, na sina la kuwajibu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ileile, lakini swali lako halikunitoka kichwani, na najua wako wengi walio kwenye hali kama yako. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu. Jambo hili nimelipitia mwenyewe tangu tangazo la kwanza mpaka gari la kwanza kutoka, na ziko sehemu zake ambazo hadi leo bado zinaniuma.

Nilikuwa msimamizi wa zamu upande wa injini. Injini ilitufikia ikiwa uchi, tukaivalisha: alternata, stata, mabomba ya maji, nyaya, kisha gia boksi. Halafu tukaisukuma hadi pale bodi inaposhuka kutoka juu na kukutana nayo. Kiwandani tulipaita ndoa, na kila mtu alijua kwamba ndoa ikichelewa, kiwanda kizima kimesimama. Tulijivunia sana mahali pale. Nilikuwa na fundi mmoja mtu mzima, wote tukimwita Mzee, ambaye alitambua bolti iliyoingia upande kwa mlio wa spana ya upepo tu, kabla taa nyekundu haijawaka.

Siku ya kutangaziwa tulikusanywa ukumbini, wakaja wataalamu washauri na ramani ya kiwanda ukutani. Sehemu mpya zilipakwa kijani na zinazobaki zikapakwa buluu. Laini yetu ilipakwa kijivu, na pembeni yake pameandikwa "kuondolewa". Basi. Wakapita kwenye ukurasa unaofuata. Hakuna aliyesema watu wa pale kwenye kijivu wanaenda wapi, na ukumbi ule ulikuwa na watu waliokuwa wameifanya kazi ile nusu ya maisha yao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mara nyingi: anzeni na watu wa injini. Msiwaache wasubiri hadi roboti zifike na jengo liishe. Kabla hata nguzo moja haijasogezwa, kila mtu wa upande ule ajue kituo chake kipya, mafunzo yake na tarehe yake.

Inawezekana, imefanyika. Tazama Zwickau, Ujerumani. Volkswagen ilitenga kama euro bilioni 1.2 kukigeuza kiwanda kile kizima chenye wafanyakazi wapatao 8,000. Uundaji wa ID.3, gari lao la umeme, ulianza Novemba 2019 kwenye laini moja, huku Golf za petroli zikiendelea kutoka kwenye laini nyingine, hadi gari la mwisho la injini lilipotoka tarehe 26 Juni 2020. Fikiria maana yake kwa mfanyakazi. Kwa miezi kadhaa unamwona mwenzako wa jengo hilohilo akifunga betri wakati wewe bado unafunga injini, unamuuliza, unaona kwamba ni kazi ya mikono kama yako, na hofu inapungua yenyewe. Wenye kiwanda wanaofunga milango, wanabomoa, kisha wanafungua upya na watu wengine hawapati faida hiyo.

Sasa, kwenye kiwanda chenyewe ni nini hasa kinabadilika? Kuna sehemu ambazo hazina shida kubwa. Mashine za kubana bati ziwe milango na boneti zinabaki, zinabadilishiwa kalibu tu. Sehemu ya rangi, pamoja na matangi ya kuchovya bodi na matanuri ya kukaushia, ni ya gharama kubwa mno kuijenga upya, na ndiyo sababu mojawapo ya kampuni kununua kiwanda kikongwe. Tesla ilinunua kiwanda cha Fremont, California, mwaka 2010 kwa dola milioni 42. Kilikuwa cha General Motors tangu 1962, kisha General Motors na Toyota wakakiendesha pamoja kuanzia 1984, na gari la umeme la kwanza la Model S likatoka pale Juni 2012. Rivian, kampuni nyingine ya magari ya umeme, nayo mwaka 2017 ilichukua kiwanda cha zamani cha Mitsubishi kule Normal, Illinois.

Shida iko kwenye uzito na kwenye umeme.

Nianze na uzito. Betri ya gari la kawaida la familia ina kilo mia tatu hadi mia sita hivi. Ile ya Hummer ya umeme, inayoundwa Detroit kwenye kiwanda ambacho General Motors ilitangaza mwaka 2020 kukigeuza kwa dola bilioni 2.2, inazidi tani moja na robo peke yake. Gari la petroli baada ya ndoa lina uzito ambao reli za juu, vibebeo, minyororo na mota za kuvuta vilihesabiwa nao tangu kiwanda kinajengwa. Ongeza betri, na hesabu zile zote hazifai tena.

Kwetu wataalamu walipiga hesabu za reli kwa kutumia michoro. Mzee akanyoosha mkono kikaoni, akasema michoro ile si ya kweli, kwamba miaka mingi nyuma reli ilisogezwa kwenye kona karibu na ngazi za upande wa pili ili kuipisha mashine fulani, na michoro haikurekebishwa. Akasema pale kwenye kona kibebeo kinayumba kuelekea nguzo hata kikiwa na gari la petroli. Wakamshukuru, wakaandika kitu, wakaendelea. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alirudisha mkono chini, akaanza kufuta miwani yake na pindo la ovaroli, na hakusema neno tena hadi kikao kikaisha.

Ilipofika siku ya majaribio wakatundika bodi tupu iliyopakiwa vyuma vyenye uzito wa betri. Ikaenda vizuri kwenye sehemu zote zilizonyooka. Kwenye kona ile ikayumba, ikapiga nguzo, kibebeo kikapinda na vyuma viwili vikaanguka sakafuni. Mungu alisaidia, eneo lilikuwa limezungushiwa utepe na hapakuwa na mtu chini. Kazi ya kugeuza laini ikasimama wakati reli inapimwa upya mita kwa mita, na safari hii waliomwita kuwaongoza ni Mzee yuleyule. Sitachoka kulisimulia hili. Uzoefu ule haukuwa kwenye kompyuta yoyote, ulikuwa ndani ya kichwa cha mtu aliyepakwa rangi ya kijivu kwenye ramani.

Pili ni umeme. Hapa sina mzaha kabisa, na kila msimamizi anisikilize. Fundi wa injini amezoea kitu kimoja: ukizima, imezima. Betri haizimiki. Unaweza kung'oa plagi ya usalama, ukatenga nyaya zote za rangi ya chungwa, na bado ndani ya boksi seli zina volti zao, 400 kwenye magari mengi, 800 kwenye mengine, nao ni umeme wa moja kwa moja (DC), ambao hata volti 60 tu zinahesabiwa kuwa mwanzo wa hatari. Nje ya betri, ndani ya kifaa kinachoendesha mota, mna kapasita ambazo hubaki na chaji kwa muda baada ya kukata umeme. Ndiyo maana unakata, unafunga kwa kufuli lako na lebo yenye jina lako, unasubiri muda uliopangwa na mtengenezaji, kisha unapima. Na kupima kwenyewe kuna utaratibu: mita unaijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, unapima pale unapotaka kugusa, halafu unairudisha tena pale penye umeme uhakikishe haijafa katikati ya kazi. Glavu ni zile zilizothibitishwa kwa volti 1,000, na kabla ya kuvaa unazijaza hewa na kuzibana uone kama zina tundu. Pete, saa na mnyororo vinabaki kabatini. Hufanyi kazi hiyo peke yako.

Watu wangu walijifunza yote hayo. Mwanzoni walikuwa wagumu, hasa wale waliozoea kuingiza mkono popote. Lakini mtu aliyezoea kukaza bolti za kichwa cha injini kwa mpangilio na kwa nguvu iliyopimwa anaelewa upesi kwa nini bolti za betri nazo zina mpangilio wake, na kwa nini mfuniko wa betri ukikaa vibaya kidogo tu maji yataingia. Ile nidhamu tayari anayo. Niliwaona kwa macho yangu wakiwapita vijana walioajiriwa na vyeti vipya vya umeme ambao hawakuwahi kusimama kwenye laini inayotembea. Nawaambia viongozi wa viwanda bila kuuma maneno: fundi mzuri wa injini unaweza kumfundisha umeme kwa kozi iliyopangwa vizuri, lakini ule mkono wa laini hakuna kozi itakayompa mtu.

Kampuni kubwa zinalijua hili. Ford mwaka 2021 ilitangaza kwamba kiwanda chake cha Halewood, Uingereza, kilichokuwa kinaunda gia boksi, kitaunda mifumo ya mota za magari ya umeme. BMW kule Munich ilihamishia kazi ya injini Uingereza na Austria, na pale zilipokuwa zikiundwa injini ikajenga jengo jipya la kuunganisha magari, huku kiwanda kikiendelea kutoa magari karibu elfu moja kwa siku.

Je, kazi zipo? Waambie wenzako ukweli. Mota ya umeme ina vipande vichache mno kuliko injini, hakuna ekzosi, hakuna tangi la mafuta, kwa hiyo vituo vya kufunga mtambo vitapungua. Usiwadanganye. Lakini kazi mpya zipo kwenye kupokea na kukagua betri, kuzipima zisivuje, kuweka programu kwenye gari, kuchaji, na kutunza eneo la kutenga betri zilizoumia, ambalo kila kiwanda kinalihitaji kwa sababu betri iliyogongwa inaweza kuwaka saa nyingi baadaye. Wanaozipata ni wale wanaoandikishwa mapema. Wanaongoja hadi laini inang'olewa wanakuta nafasi zimejaa, na kuna kitu kinachoitwa "kustaafu kwa hiari" mezani kikiwangoja.

Ndivyo alivyoondoka Mzee. Karatasi aliletewa muda mfupi kabla ya gari la kwanza kutoka. Siku ya sherehe palikuwa na jukwaa na maua, wakashukuriwa waliouza roboti, wakashukuriwa wataalamu wa ramani. Sisi tulisimama nyuma ya kamba. Gari lilipita mbele yetu bila mlio, likiwa limepita salama kwenye ile kona, na hakuna aliyetaja jina la mtu aliyeisahihisha. Nilipiga makofi kwa sababu gari lilikuwa zuri na tulikuwa tumeliunda sisi. Lakini nililia nilipofika nyumbani, na sioni aibu kusema.

Neno moja kwa wakubwa kuhusu soko. Kugeuza kiwanda hakukupi uhakika wa wanunuzi. Audi ilikifanya kiwanda chake cha Brussels, Ubelgiji, kuwa cha magari ya umeme matupu mwaka 2018, na Februari 2025 kiwanda kikafungwa. Kiwanda cha Orion, Michigan, kilikuwa kinaandaliwa kwa pikapu za umeme, na mwaka 2025 General Motors ikatangaza kwamba kitaunda magari ya petroli. Watu waliofundishwa kazi zote mbili wanaweza kuhimili mageuzi ya namna hiyo. Mkiwatupa watu wa injini leo, kesho mtawatafuta kwa tochi. Nasema hivi kwa uchungu, na nitaendelea kusema popote nitakapopewa nafasi: heshimuni watu waliokiweka kiwanda chenu hai hadi mkapata hicho cha kugeuza.

Wewe, mdogo wangu, kabla ya kikao chenu kijacho fanya haya. Omba orodha ya vituo vyote vitakavyoondolewa, na mbele ya kila kituo iandikwe majina ya watu na wanakopelekwa. Omba ratiba ya mafunzo ya umeme iwe kwa maandishi, pamoja na cheti ambacho mtu atakitumia hata akihamia kiwanda kingine. Kisha mtafute fundi wa matengenezo aliyekaa siku nyingi kuliko wote, uchukue michoro ya reli na kalamu nyekundu, mtembee naye laini nzima kwa miguu, na kila atakaposema "hapa siyo hivi", weka alama na uandike jina lake kando.