Paa la marehemu baba linavuja, nibadilishe lote?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu ya Ujiji, ya miti na udongo, aliijenga marehemu baba na bati ni zilezile za mwaka 1978. Inavuja sehemu tatu, mojawapo juu ya kitanda changu. Fundi wa kwanza alipaka lami, mvua ya Novemba ikapita palepale. Wa pili anataka tubadilishe paa zima. Mwanangu yuko Kanada, anasema kwao nyumba za zamani huvuja kwa theluji inayoganda ukingoni, eti na mimi nianzie huko. Nimsikilize nani?
Mama wa Ujiji

JIBU: Marahaba mama, pole. Kwanza sogeza kitanda.

Mwanao yuko karibu zaidi na ukweli kuliko mafundi wako. Kwao joto la ndani huyeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yakifika ukingoni kwenye baridi yanaganda na kuziba njia. Yanayofuata hurudi nyuma, yakapenya chini ya vigae. Wewe barafu huna, ila nakisia una mwembe, maana Ujiji nani hana? Majani yakijaa kwenye gata au pale bati zinapopandana, maji hurudi vivyo hivyo. Yafagie kabla ya yote.

Halafu saa saba mchana, jua kali, funga milango na madirisha, simama gizani uangalie juu. Kama kuna dari, fungua kipande. Matundu utayaona yanang'aa. Usitazame juu ya kitanda tu: maji hutembea kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ndipo yadondoke. Kule Mwanga niliwahi kuhangaika siku mbili na tone lililoangukia kabati la sebuleni, kumbe tundu liko upande wa jikoni, msumari umepigwa bondeni mwa bati. Msumari hupigwa mgongoni. Bondeni ndiko maji yanakopita.

Na kama mzee aliweka mawe kuzuia upepo, nyanyua moja. Chini yake utakuta kutu, kwa sababu unyevu haukauki. Yatoe, piga misumari yenye mpira.

Lami sipendi. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, lami ikikauka inapasuka, na juu ya kutu haishiki.

Bati ambalo ncha ya msumari inapenya kwa kusukuma na kidole, badilisha hilo tu. Dukani uliza geji, yaani namba ya unene wa bati: 28 ni nene kuliko 30, namba ikipanda unene unapungua, usidanganywe. La juu lilifunike la chini sentimita 15 hivi.

Mwisho choma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshamaliza, na hapo fundi wa pili yuko sahihi. Likague paa mapema, mwezi wa nane hivi. Mvua zikikaribia hutampata fundi.